Kununua na Kuuza Vitabu Adimu vya Katuni kwa Mnada wa Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu hasa vitabu vya katuni vya Marekani vilivyochapishwa kati ya 1938 na katikati ya miaka ya 1980, kwa kuwa ndivyo vinavyouzwa kwa wingi na kwa bei kubwa katika minada ya mtandaoni. Bei zote zimetajwa kwa dola za Marekani.

Ni kitabu gani cha katuni kinachohesabiwa kuwa adimu?

Umri peke yake hautoshi. Wakusanyaji huigawa historia ya katuni hizi katika vipindi: Enzi ya Dhahabu, inayoanza na Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ambamo Superman alionekana kwa mara ya kwanza, Enzi ya Fedha, inayohesabiwa tangu Showcase namba 4 ya 1956, na Enzi ya Shaba, inayoanza takriban 1970 na kuishia katikati ya miaka ya 1980. Vitabu vya kipindi cha kwanza viliuzwa kwa senti 10, vikasomwa na watoto, vikaazimwa na kukunjwa ili vienee mfukoni, na wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vingi vilitolewa pamoja na karatasi nyingine kuukuu zilizokuwa zikikusanywa kwa ajili ya viwanda. Ndiyo maana kati ya nakala zipatazo 200,000 za Action Comics namba 1, inakadiriwa kwamba zimesalia kama 100 tu.

Miaka ya 1990 mambo yalikuwa kinyume kabisa. X-Men namba 1 ya 1991 ilichapwa zaidi ya nakala milioni 8, na wanunuzi wengi waliihifadhi siku ile ile wakitarajia utajiri. Kwa kuwa kila mtu aliihifadhi, hadi leo inapatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Muuzaji anayeitangaza kuwa ni adimu ama hakijui anachokiuza, ama anatumaini kwamba wewe hukijui.

Jambo la mwisho ni mahitaji. Viko vitabu vya miaka ya 1940 ambavyo nakala zake zinahesabika kwa vidole lakini havina anayevitafuta, na viko vya 1974 vilivyosalia kwa maelfu ambavyo bei yake haishuki, kwa sababu ndimo mhusika fulani maarufu alimoonekana kwa mara ya kwanza. Soko hili hulipia mwonekano wa kwanza kuliko kitu kingine chochote, liwe toleo hilo lina hadithi nzuri au mbaya.

Kwa nini nakala mbili za toleo lile lile hutofautiana bei kiasi hicho?

Kwa sababu anachokilipia mnunuzi ni hali ya kitabu na uthibitisho wa hali hiyo. Chukua Amazing Fantasy namba 15 ya Agosti 1962, toleo lililomleta Spider-Man. Mwaka 2011 nakala ya daraja la 9.6 kati ya 10 iliuzwa kwa dola milioni 1.1. Miaka mitano baadaye, nakala ya daraja la 9.4 iliuzwa kwa dola 454,100. Kisha Septemba 2021, katika nyumba ya mnada ya Heritage ya Dallas, nakala ya 9.6 ilifikia dola milioni 3.6. Tofauti kati ya 9.4 na 9.6 ni vitu ambavyo msomaji wa kawaida asingevigundua hata akiambiwa: ncha ya kona iliyofifia kidogo, au mistari miwili mitatu midogo kando ya pini za chuma zinazoshikilia kurasa mgongoni.

Madaraja hupangwa kuanzia 0.5 hadi 10. Mpimaji huangalia mgongo, kona, pini na kutu yake, mng'ao wa jalada, mikunjo, michaniko, madoa ya maji, maandishi ya kalamu, na rangi ya kurasa za ndani. Karatasi iliyotumika ilikuwa ya bei nafuu kama ya magazeti, yenye asidi ndani yake, hivyo hubadilika polepole kutoka nyeupe hadi rangi ya malai, kisha kahawia, na mwishowe hukauka na kumeguka. Kurasa nyeupe katika kitabu cha miaka 60 ni sifa ambayo wanunuzi huilipia zaidi, hata kama daraja ni lile lile.

Kasha la plastiki ambamo baadhi ya vitabu huuzwa vikiwa vimefungwa lina maana gani?

Lina maana kwamba kampuni isiyo upande wa muuzaji wala wa mnunuzi imekipima kitabu, ikakipa daraja, na kukifunga ili kisiguswe tena. Kampuni inayotambulika zaidi ni CGC ya Sarasota, Florida, iliyoanza kazi hiyo mwaka 2000. Nyingine ni CBCS. Kabla ya hapo kila muuzaji alijipimia mwenyewe, na haishangazi kwamba kitabu kilikuwa na daraja la juu siku ya kuuzwa na la chini siku ya kununuliwa.

Soma rangi ya lebo kabla ya kusoma namba. Kwa CGC, lebo ya buluu ni ya nakala ya kawaida isiyofanyiwa ukarabati. Ya zambarau huonyesha kwamba kitabu kimekarabatiwa: pengine kimepakwa rangi palipochubuka, kimegundishwa palipochanika, au kingo zake zimekatwa ili zionekane mpya. Ya manjano ni ya kitabu kilichotiwa saini mbele ya shahidi wa kampuni. Ya kijani ina maana kwamba kuna kasoro moja kubwa ambayo imetajwa kando, kama vile saini isiyo na shahidi au kipande kilichokatwa ndani. Nakala ya 8.0 yenye lebo ya zambarau inaweza kuuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya 8.0 yenye lebo ya buluu, na wauzaji wasio waaminifu hupiga picha ya jalada kwa namna ambayo lebo inakatwa. Picha ya namna hiyo ikikosa maelezo, achana na tangazo hilo.

Je, kasha likishafungwa, naweza kuliamini moja kwa moja?

Unaweza kuliamini kwa kiasi. Mwishoni mwa 2023 iligundulika kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akitumia huduma ya kubadilisha makasha yaliyokwaruzika kuingizia vitabu vya hali duni chini ya lebo za madaraja ya juu, na CGC ikalazimika kutangaza orodha ya namba za vitabu vilivyotiliwa shaka. Waliogundua ni wakusanyaji waliolinganisha picha za zamani na za karibuni, wakaona kwamba madoa na mistari ya mgongoni haikufanana.

Fanya vivyo hivyo. Kila lebo ina namba yake ya pekee, ambayo unaweza kuiandika katika tovuti ya kampuni na kuona jina la toleo, daraja na mara nyingi picha. Tafuta pia kumbukumbu za minada iliyopita, kwa kuwa Heritage huhifadhi picha kubwa za vitabu ilivyouza, kisha linganisha kasoro moja moja. Kagua kingo za kasha lenyewe: nyufa, alama za gundi au plastiki iliyoyeyuka ni sababu tosha ya kutotoa dau.

Nakala isiyo kwenye kasha nayo inafaa kununuliwa?

Inafaa, na kwa mtu anayejua anachokitazama huko ndiko kwenye bei nzuri. Lakini omba picha za jalada la mbele na la nyuma, za mgongo mzima, za pini kwa ndani kwenye ukurasa wa katikati, na za kona zote nne, zikiwa zimepigwa kwa mwanga wa pembeni ili mikunjo ionekane. Muuzaji anayekataa kumpigia picha mtu aliye tayari kulipa mamia ya dola ana sababu yake.

Kuna mitego ambayo hurudia. Incredible Hulk namba 181 ya Novemba 1974, ambayo Wolverine anaonekana kikamilifu kwa mara ya kwanza, ina stempu ndogo iliyochapwa ndani ambayo Marvel iliwahimiza wasomaji waikate na kuibandika katika kijitabu. Watoto wengi walitii. Nakala isiyo na stempu hiyo huonekana safi kabisa kwa nje, na hupoteza sehemu kubwa sana ya thamani yake. Uliza kwa maandishi: “Stempu ipo?” Jibu lake litakusaidia baadaye ikiwa utadai fedha zako.

Mtego mwingine ni Action Comics namba 1 iliyochapwa upya mwaka 1974 katika mfululizo wa Famous First Edition. Toleo hilo lilikuwa na jalada la nje lililoeleza kwamba ni marudio. Likibanduliwa, linabaki jalada la ndani linalofanana na la 1938, pamoja na bei yake ya senti 10. Kinachoiumbua ni ukubwa, kwa sababu marudio hayo ni makubwa zaidi kwa dhahiri kuliko kitabu cha asili, ambacho kilikuwa na upana wa takriban inchi 7.75. Hivyo omba picha yenye rula kando yake. Vilevile, Star Wars namba 1 ya 1977 ilichapwa kwa bei ya senti 30, isipokuwa nakala chache za majaribio zilizouzwa kwa senti 35 katika miji michache. Hizo za senti 35 ni ghali mno, na kwa sababu hiyo zimeghushiwa. Tena yako marudio halali ya senti 35 yasiyo na thamani kubwa, ambayo bei yake imewekwa ndani ya umbo la almasi badala ya mraba.

Mnada wenyewe unaendeshwaje?

Inategemea nyumba ya mnada. Kwenye eBay mtu yeyote anaweza kuuza, na mnada hufungwa kwa saa iliyotangazwa, bila kuongezwa muda. Wewe hutaja kiwango chako cha juu kabisa, na mfumo hukuwekea dau kidogo kidogo kadiri wengine wanavyopanda. Ukitaja dola 500 na mshindani wako wa mwisho akikomea 320, utalipa 325. Kwa kuwa saa haisogei, wazoefu hungoja sekunde za mwisho ndipo waweke dau, na anayelalamika kwamba aliporwa ushindi kwa kawaida ni yule ambaye hakutaja kiwango chake halisi tangu mwanzo.

Nyumba maalumu kama Heritage, ComicLink na ComicConnect huchagua vitabu, huvipiga picha zenyewe, na nyingine huongeza dakika kila dau jipya linapoingia mwishoni. Huko kuna usalama zaidi, lakini soma masharti ya ada. Heritage humtoza mnunuzi nyongeza ya takriban asilimia 20 juu ya bei ya nyundo, yaani dau lililoshinda, ilhali nyumba nyingine hazimtozi mnunuzi chochote na huchukua kamisheni kwa muuzaji peke yake. Dau la dola 1,000 penye ada hiyo ni deni la 1,200 kabla hujalipia usafiri. Uuzaji huko kwa kawaida ni wa mwisho, bila kurudisha, hivyo kutoa dau ni sawa na kutia saini mkataba.

Na wasiodharau eBay wana hoja: mwezi Agosti 2014, Action Comics namba 1 ya daraja la 9.0 iliuzwa huko kwa dola 3,207,852.

Nitajuaje dau langu liwe kiasi gani?

Tazama bei zilizolipwa, si bei zinazoombwa. eBay ina kichujio cha kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Heritage ina kumbukumbu ya matokeo yake. Tovuti za GPAnalysis na GoCollect hukusanya mauzo ya vitabu vilivyomo katika makasha kwa kila daraja. Mwongozo wa bei wa Overstreet, unaochapishwa tangu 1970, bado ni mzuri kwa kujua uwiano wa thamani kati ya toleo na toleo, ingawa chapisho la mwaka mzima haliwezi kwenda sambamba na soko linalobadilika kila wiki. Chukua mauzo matano au sita ya karibuni ya daraja lile lile, uondoe lile lililopanda kupita kiasi, kisha ujiwekee kikomo ambacho ada na usafiri vimo ndani yake.

Jihadhari na msisimko wa filamu. Fantastic Four namba 52 ya Julai 1966, ambayo Black Panther alitokea kwa mara ya kwanza, iligombaniwa sana watu walipokuwa wakiisubiri filamu ya 2018. Anayenunua filamu ikiwa mwezi mmoja mbele hununua kutoka kwa mtu aliyenunua miaka mitatu nyuma, na kwa maoni yangu ni afadhali kungoja hadi watu wahamie kwa mhusika mwingine.

Nifanyeje nikishuku kwamba wapambe wa muuzaji ndio wanaopandisha bei?

Fungua historia ya madau. Dalili ni akaunti mpya zisizo na maoni, ambazo hutoa dau kwenye bidhaa za muuzaji mmoja tu, hupanda hadi karibu na ukomo wako, kisha huondoa dau. Dalili nyingine ni kitabu “kilichouzwa” wiki iliyopita kurudi mnadani. Huwezi kuthibitisha mengi ukiwa nje, lakini unaweza kuripoti na kuondoka. Usikubali kamwe ujumbe wa muuzaji anayekuomba mmalizane nje ya tovuti kwa bei pungufu, kwa sababu ulinzi wote wa mnunuzi huishia hapo.

Nikiwa Afrika Mashariki, nilipe na kusafirisha vipi?

Malipo ya kadi au PayPal ni salama kuliko kutuma fedha moja kwa moja benki kwa mtu usiyemjua. Kwa anayetaka kuuza, hakikisha mapema kwamba akaunti yako katika nchi yako inaweza kupokea fedha na si kuzituma tu. Nchini Kenya, tangu 2018, imewezekana kuhamisha fedha kati ya PayPal na M-Pesa.

Usafiri unahitaji uangalifu zaidi. Wengi wetu tunatumia mawakala wenye anwani Marekani au Uingereza, ambao hupokea vifurushi na kuvituma Nairobi au Dar es Salaam kwa uzito. Ni njia nafuu, lakini fahamu kwamba dhamana ya eBay ya kurudishiwa fedha haihusu kifurushi kilichosafirishwa tena baada ya kufikishwa kwenye anwani ya kwanza. Kwa kitabu cha dola 40 hilo linavumilika. Kwa cha dola 2,000, lipa gharama ya kusafirishiwa moja kwa moja, kwa bima na kwa saini wakati wa kupokea. Kabla ya kutoa dau, muulize wakala wa forodha jinsi KRA au TRA itakavyokiainisha, maana kitabu cha kusoma na kitu cha wakusanyaji havitozwi lazima kwa namna moja, na usikubali muuzaji aandike thamani ya uongo, kwani bima hulipa kilichoandikwa.

Nina vitabu vya zamani na ninataka kuviuza. Nianzie wapi?

Anza kwa kutovigusa. Usifute vumbi kwa kitambaa chenye maji, usibandike utepe wa gundi palipochanika, usiondoe pini zenye kutu. Kila kimoja kati ya hivyo hushusha thamani, na aliyetengeneza kitabu kwa nia njema anaweza kupata lebo ile ile ya zambarau aipatayo tapeli. Kubana kitabu kwa mashine ya joto na unyevu ili mikunjo isiyovunja rangi inyooke ni jambo tofauti: CGC hailihesabu kuwa ukarabati, na wauzaji wengi hulifanya kabla ya kupeleka kitabu kupimwa. Lakini ni kazi ya fundi. Pasi ya nyumbani huunguza.

Kisha amua kama kitabu kinastahili kupimwa. Ada ya kupima, bima na usafiri wa kwenda na kurudi inaweza kuizidi bei ya kitabu, na kwa toleo la kawaida la miaka ya 1980 mara nyingi huizidi. Pima vitabu ambavyo daraja litabadilisha bei kwa kiasi kikubwa. Vingine viuze kwa mafungu, vikiwa na picha nyingi na maelezo ya kweli. Andika kasoro kabla ya sifa. Mnunuzi aliyeambiwa habari ya doa hawezi kudai fedha zake kwa ajili ya doa hilo, na ukali wa maelezo yako utamfanya aamini yale mazuri uliyoyasema.

Kwa kitabu cha maelfu ya dola, nyumba maalumu ni bora kuliko kuuza mwenyewe. Inajua wanunuzi wake, na kamisheni yake inaweza kujadiliwa ikiwa kitabu ni cha kutamanika. Uliza lini utalipwa baada ya mnada na nani anabeba bima ukishakituma. Ukianzisha mnada wa dola 1 bila bei ya chini ya siri kwa kitabu ambacho wanunuzi wake ni wachache, uwe tayari kukiuza kwa hasara.

Je, kuna hatari ya kununua kitabu cha wizi?

Ipo. Mwigizaji Nicolas Cage aliibiwa Action Comics namba 1 yake mwaka 2000. Ikapatikana 2011 katika ghala la kukodi huko California, na Novemba mwaka huo ikauzwa kupitia ComicConnect kwa dola milioni 2.16. Iliweza kutambuliwa kwa sababu nakala za hali ile ni chache na zinajulikana. Kwa vitabu vya bei ya kawaida kinga yako ni risiti, mawasiliano yaliyohifadhiwa na historia ya umiliki. Nawe ukiwa mmiliki, andika namba za lebo zako mahali pengine mbali na vitabu vyenyewe.

Nihifadhi vipi vitabu nikiwa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam?

Unyevu wa pwani, ambao mara nyingi hupita asilimia 70, ni adui kuliko umri: hutia pini kutu, huleta kuvu na kuipinda karatasi hata ndani ya kasha, kwa kuwa kasha halizuii hewa kabisa. Tumia mifuko ya plastiki ya Mylar na ubao usio na asidi, weka vitabu wima katika boksi lisilogusa sakafu wala ukuta wa nje, mbali na dirisha. Chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa kila siku ni kibaya kuliko chumba chenye hali isiyobadilika. Vifuko vya kunyonya unyevu husaidia mradi uvibadilishe. Mende na mchwa hawahitaji maelezo.

Je, katuni za kwetu nazo zina soko mnadani?

Lipo, ila ni dogo na halina kumbukumbu za bei za kutegemea. Jarida la Joe, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, hutafutwa na watafiti na maktaba. Vivyo hivyo matoleo ya jarida la African Film yenye visa vya picha vya mpelelezi Lance Spearman, na matoleo ya zamani ya jarida la Sani la Tanzania. Kwa kuwa hakuna orodha ya bei, muuzaji afadhali aweke bei ya kuanzia anayoridhika nayo, aeleze kwa urefu jarida ni la nani na la lini, na apige picha ya kurasa za ndani, kwa sababu mnunuzi wa vitu hivi mara nyingi anatafuta ukurasa fulani wala hajali kona iliyokunjika.

Nimeshinda mnada na kitabu kimefika. Nifanye nini kwanza?

Rekodi video wakati unafungua kifurushi, kuanzia lebo ya posta ikiwa bado haijakatwa. Linganisha kitabu na picha za tangazo siku hiyo hiyo, ukianzia na namba ya kasha. Kwenye eBay dai la kitu kisichofanana na maelezo kwa kawaida lina muda wa siku 30 tangu kitabu kifike au tangu tarehe ya mwisho ya makadirio ya kufika, na siku hizo huendelea kuhesabiwa hata kama kifurushi bado kimekaa kwenye meza yako bila kufunguliwa.